Kifuniko cha Maji: Habari za Mafuta Yaliyofungwa Chini ya Ardhi

Tangu mwanzo wa miaka ya 2020 jina la Bonde la Wembere limekuwa likitajwa mara kwa mara katika habari zetu. Bonde hilo liko kaskazini-magharibi ya mkoa wa Singida, chini ya mteremko wa Sekenke. Maji yake huingia ziwa Kitangiri, kisha kwa njia ya mto Sibiti hufika ziwa Eyasi. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limelipima bonde hilo kwa ndege, limechimba humo mashimo mafupi ya utafiti na kupeleka mitetemo ardhini ili kujua tabaka za chini zimelala vipi. Na kila habari hizo zikitoka, utamsikia mtu barazani akiuliza: "Haya, mafuta yako au hayako?" Huuliza kana kwamba chini ya ardhi kuna birika limejaa, na kazi iliyobaki ni kulitoboa.

Ndugu msomaji, hakuna birika. Mafuta yanakaa ndani ya jiwe, katika vitundu vidogo baina ya chembe za mchanga, kama maji yanavyokaa ndani ya sifongo. Vitundu hivyo kabla ya kuingia mafuta vilikuwa vimejaa maji, na mafuta ni mepesi kuliko maji. Kwa hiyo tangu siku yalipozaliwa, mafuta hayana kazi ila moja, nayo ni kupanda juu. Yakiachwa yatapanda mpaka yatoke nje, yakaushwe na jua na kuliwa na vijidudu. Basi swali la Wembere, na la kila mahali pengine, lina sehemu mbili: je, mafuta yalizaliwa? Na kama yalizaliwa, ni kitu gani kilichoyazuia yasitoke? Sehemu hii ya pili ndiyo isiyoulizwa barazani, nayo ndiyo aghlabu huamua.

Watu wa zamani waliyajua zaidi mafuta yaliyokosa kizuizi. Wengi wetu tunamjua Ibn Battuta kwa sababu alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka minne kabla yake, mwaka 1327, alikuwa Iraq, na katika safari yake ameeleza jinsi mahamamu ya Baghdad yalivyopakwa lami hata mtu akadhani ni marumaru nyeusi, na kwamba lami hiyo ililetwa kutoka chemchemi iliyoko baina ya Kufa na Basra. Alipokuwa akielekea Mosul akapita Qayyara, kando ya mto Tigris, akaona lami ikitoka ardhini yenyewe. Kabla yake al-Mas'udi, katika karne ya 10, alikuwa ameandika habari za nafta ya Baku. Waislamu wa zama hizo waliitumia kwa taa, kwa dawa, kwa kuziba mashua na kwa vita. Lakini hakuna aliyechimba kwenda kuitafuta chini sana, kwani ilikuja yenyewe.

Na sisi huku tunazo alama kama hizo, ingawa ni ndogo. Kisiwani Pemba, mahali paitwapo Tundaua, mafuta huvuja kutoka ardhini. Katika vilima vya Wingayongo, upande wa Rufiji, yako mawe ya mchanga yaliyolowa lami. Msimbati, kule Mtwara, gesi hutoka. Alama hizi, pamoja na mambo mengine waliyoyasoma katika mawe, ziliwavuta wageni. Mwaka 1952 kampuni za BP na Shell zilianza utafiti katika pwani yetu, na baina ya 1954 na 1962 zikachimba visima virefu Mafia, Unguja, Mandawa na Pemba. Walitumia mali nyingi, wakashuka chini maelfu ya mita, na mafuta ya kufanyia biashara hawakuyapata.

Hapa pana jambo la kuzingatia sana, kwa kuwa watu wengi hulielewa kinyume. Mafuta yanayovuja juu ya ardhi ni ushahidi kwamba yamezaliwa mahali fulani chini. Si ushahidi kwamba yamehifadhiwa. Huenda yakawa ndiyo ya mwisho, kama harufu ya uturi katika chupa iliyoachwa wazi. Wingayongo ni hivyo: sehemu nyepesi imekwenda zake, imebaki lami iliyoshikana na mchanga. Mara nyingine, kweli, panapovuja juu pana hazina chini yake. Baba Gurgur, karibu na Kirkuk, ulikuwako moto uliowaka ardhini toka zama za kale, na mwaka 1927 kisima kilichochimbwa hapo kilifoka mafuta kwa nguvu za kutisha. Kifuniko cha Kirkuk kilikuwa na nyufa, lakini kilibakisha mengi. Mtu hawezi kujua ni lipi kati ya haya mawili kwa kutazama dimbwi la mafuta juu ya ardhi.

Sasa tukitazame kifuniko chenyewe. Mwanzoni watafutaji mafuta walidhani ni jambo jepesi: juu ya jiwe la mchanga lenye vitundu kuna mwamba mgumu usio na vitundu, kama kifuniko cha sufuria. Ukweli ni kwamba vifuniko vingi ni udongo mfinyanzi uliogandamizwa kwa zama ndefu mpaka ukawa jiwe, na udongo huo una vitundu vingi mno. Vimejaa maji vyote. Tena maji hayo yanaweza kusogea, ingawa polepole sana. Na hapo ndipo penye tatizo, kwani polepole si sawa na kamwe. Mafuta yana umri wa mamilioni ya miaka. Kitu kinachovujisha, hata polepole sana, kingekwisha kumwaga yote kwa muda huo. Kama kazi ya kifuniko ingekuwa ni kuchelewesha tu, tusingekuta mafuta mahali popote isipokuwa yale yaliyozaliwa juzi.

Jibu liko katika jambo ambalo kila nyumba inalijua. Chovya ncha ya kanga ndani ya beseni la maji, na baada ya muda utaona maji yamepanda juu ya pale ulipochovya. Utambi wa koroboi hunyonya mafuta namna hiyo hiyo. Maji yanapenda kushikamana na uzi, na kadiri nafasi baina ya nyuzi zinavyokuwa nyembamba ndivyo yanavyoshika kwa nguvu zaidi. Nguvu hii huitwa kapilari, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya unywele. Thomas Young wa Uingereza na Laplace wa Ufaransa walieleza hesabu yake yapata mwaka 1805.

Nguvu hiyo hiyo ina upande wake wa pili. Chukua karatasi ya chujio, ile ya maabara ya shule, uiloweshe maji, kisha umimine juu yake maji yaliyochanganyika na mafuta. Maji yatapita, mafuta yatabaki juu. Matundu ya karatasi ni yale yale, lakini maji yameyashika kwanza, na mafuta hayawezi kuingia mpaka yayasukume maji yatoke. Kuyasukuma kunataka nguvu, kwa sababu mafuta na maji hayachanganyiki, na mahali yanapokutana pana kama ngozi iliyovutwa. Ili mafuta yapite katika tundu jembamba ni lazima ngozi hiyo ipindwe sana, na tundu likizidi wembamba kupinda nako kunazidi ugumu. Ukiongeza kina cha mafuta juu ya karatasi, yatafika mahali uzito utashinda na yatapenya. Kabla ya kufika hapo hayapiti hata kidogo.

Chini ya ardhi ni hivyo hivyo, ila kinyume, maana mafuta yako chini ya kifuniko na yanasukuma kwenda juu. Kinachozuia, kwa hiyo, ni maji yaliyomo ndani ya vitundu vya udongo. Jiwe hutoa wembamba tu. Maji ndiyo komeo.

Wataalamu walichukua muda kuyapata haya. Mwaka 1949 Purcell, aliyekuwa akifanya kazi Shell, alieleza namna ya kupima wembamba wa vitundu vya jiwe kwa kuyasukumia zebaki, akaona ni kwa nguvu gani zebaki huanza kuingia. Mwaka 1953 Hubbert wa Marekani aliandika jinsi mafuta yanavyozuiwa au kuchukuliwa na maji yanayotembea chini ya ardhi. Na mwaka 1979 Schowalter akakusanya hesabu hizi kwa namna ambayo mtafutaji aliyeko kazini angeweza kuitumia.

Tufanye hesabu moja, kwa makadirio. Mdomo wa tundu katika udongo mzuri unaweza kuwa na upana wa sehemu mbili za kumi za maikroni, yaani ukipanga milango mia tatu na zaidi ya namna hiyo ubavu kwa ubavu haijafikia unene wa unywele mmoja. Kwa mafuta ya kawaida, mlango kama huo unadai msukumo wa mara sita ya ule wa hewa tunayoivuta. Na msukumo wa mafuta hutokana na wepesi wao: kila kimo cha mafuta kinapozidi chini ya kifuniko, msukumo unazidi. Ikiwa mafuta ni mepesi kuliko maji kwa kilo 200 kwa kila mita ya ujazo, mlango huo utazuia kimo cha mita 300 hivi. Panua mlango mara kumi, utazuia mita 30. Upanue mara mia, ukawa kama milango ya jiwe la mchanga, utazuia mita 3 tu. Gesi ni nyepesi zaidi, nayo husukuma zaidi kwa kimo kile kile.

Ina maana kila kifuniko kina kipimo chake. Mafuta yakizidi kipimo, ziada hupita na kwenda juu, na yaliyobaki hukaa. Hayatoki yote kwa sababu ya ziada hiyo. Lakini dunia ikitingishika na kifuniko kikapasuka, hesabu ya vitundu haina kazi tena, kwa kuwa ufa ni mlango mpana kuliko milango yote. Kuna vifuniko vingine, vya chumvi na vya jasi, vilivyobana kiasi kwamba havina haja ya kutegemea hila ya maji. Visima vikubwa vya Saudia vimefunikwa hivyo. Huku kwetu mategemeo ni udongo.

Mtu atauliza kama jambo hili ndilo lile la kizuizi baina ya bahari mbili lililotajwa katika Surat ar-Rahman. Mimi sisemi hivyo, wala sioni faida ya kuivuta aya kila tunapopata habari mpya ya elimu. Aya inazungumza bahari. Inatosha kwamba Mwislamu anayesoma habari za tone la maji lililozuia mafuta kwa mamilioni ya miaka hahitaji kuambiwa aseme Subhana Llah.

Ndugu zetu walioko Oman wanaijua vyema thamani ya kifuniko na hasara ya ufa. Mwaka 1956 palianza kuchimbwa kisima huko Fahud, katika kilima ambacho kila mtaalamu alikisifu. Kikatoka kikavu. Kampuni zilizoshirikiana zikavunjika moyo, na mwaka 1960 nyingi zikajitoa. Waliobaki walipata mafuta Yibal mwaka 1962, Natih mwaka 1963, na mwaka 1964 wakayapata Fahud yenyewe, mita mia chache tu kutoka kisima kile cha kwanza. Kisima cha 1956 kilikuwa kimechimbwa upande usio sawa wa ufa mkubwa wa ardhi. Upande huu mafuta yalikuwa yamefungwa chini ya udongo, upande ule hayakuwapo. Mafuta ya kwanza ya Oman yalipakiwa melini mwaka 1967, na wengi waliotoka Unguja na Pemba kwenda huko katika miaka ya 1970 walikuta nchi inajengwa kwa mapato hayo.

Kwetu, kifuniko kilichojulikana kwanza kuwa kimeshika ni cha Songo Songo. Mwaka 1974 kampuni ya AGIP ya Italia ilikuta gesi hapo, katika jiwe la mchanga lililofunikwa kwa udongo uliogandamana, chini zaidi ya mita 1,500. Gesi ile ikangoja miaka 30 mingine kwa sababu za fedha na siasa, mpaka mwaka 2004 ilipofikishwa Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mtu anayewasha taa mjini anatumia kitu kilichozuiwa na vitundu visivyoonekana kwa darubini ya kawaida.

Turudi Singida. Sehemu kubwa ya mkoa huu ni mawe ya itale, ya zamani sana kupita kiasi, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Ndiyo yale majabali yaliyopangana kando ya maziwa ya Singidani na Kindai. Itale haizai mafuta. Imezaa dhahabu ya Sekenke, ambayo Wajerumani waliichimba kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Lakini Wembere ni kitu kingine. Ni sehemu ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ilikatika na kushuka, na shimo likajazwa na mchanga na udongo ulioletwa na mito na maziwa. Maziwa ya kale yenye viumbe vidogo vingi huweza kuacha tope litakalozaa mafuta, na tope la baadaye likawa kifuniko.

Matumaini ya Wembere yameazimwa kutoka ziwa Albert, Uganda. Huko nako ni Bonde la Ufa, na huko nako mafuta yalikuwa yakivuja. Wayland, mkuu wa uchunguzi wa madini wa Uganda, aliandika habari za mavujio hayo mwaka 1925. Karibu na Kibiro, kijiji ambacho wanawake wamekuwa wakitengeneza chumvi tangu zamani, mafuta hutoka katika mpasuko wa mteremko. Mwaka 1938 kilichimbwa kisima cha Waki, na biashara haikutoka. Miaka ikapita karibu 70, mpaka mwaka 2006 mafuta yalipopatikana Mputa, na baadaye mahali pengine mengi. Udongo wa ziwa ulikuwa umeyafunika, ingawa mipasuko ya pembeni ilikuwa ikivujisha.

Walakini ziwa Albert halitoi dhamana kwa Wembere. Yatakiwa tope la kutosha kina, ili joto la chini lipike mafuta. Yatakiwa udongo mwembamba wa vitundu juu ya mchanga. Na yatakiwa kwamba mitikisiko ya Bonde la Ufa, ambayo ndiyo iliyochimba shimo lenyewe, isiwe imepasua kile kifuniko baada ya mafuta kuingia. Mitetemo inaweza kuonyesha umbo la tabaka. Wembamba wa vitundu hauonekani kwa mitetemo. Hujulikana kipande cha jiwe kikitolewa na kupimwa. Kwa hiyo anayewaambia watu wa Iramba leo kwamba wamekalia utajiri, na anayewaambia hakuna kitu, wote wawili wanasema wasilolijua, na maneno hayo yana madhara. Watu huuza mashamba kwa uvumi, na wengine huyanunua kwa uvumi.

Wanachuoni wetu walizungumza habari hizi mapema. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ameyagawa madini mafungu mawili: yaliyo dhahiri, kama chumvi, lami na nafta, na yaliyofichika, ambayo hayapatikani ila kwa kazi. Yale ya dhahiri, alisema, ni kama maji. Watu wote ni sawa nayo, na mtawala hana ruhusa ya kumkatia mtu mmoja. Asili ya hukumu hiyo ni kisa cha Abyad bin Hammal, aliyemwomba Mtume (S.A.W.) chumvi ya Ma'rib akapewa; kisha mtu mmoja aliyekuwapo akaeleza kwamba chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, na Mtume (S.A.W.) akairudisha kuwa ya watu wote. Nafta ya zama za al-Mawardi iliwekwa katika fungu la dhahiri kwa sababu ilikuwa imekosa kifuniko. Mafuta ya leo yamefichika, yanatolewa kwa gharama kubwa na ujuzi mwingi. Kuhusu yaliyofichika wanachuoni walikhitalifiana: wafuasi wa Imamu Malik waliyaweka mkononi mwa mtawala kwa niaba ya umma, na wengine waliangalia ardhi ni ya nani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 imeyaweka chini ya dola kwa niaba ya wananchi. Kwa rai yangu ni njia ya salama, maadamu anayeshika amana anakumbuka kwamba chini ni kwa umma, na juu pana mtu na shamba lake.

Na juu ya ardhi ya Singida mafuta yamekwisha kuwa na habari yake, kabla hata ya Wembere kutoboka. Bomba la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani mwezi wa Agosti 2017. Njia yake inapita Iramba, Mkalama na Singida, katika ukanda wenye upana wa mita 30, ndani ya mashamba ya mtama na alizeti. Wapo waliothaminiwa ardhi wakangoja miaka baina ya tathmini na malipo, hawajui kama wapande au waache.

Mafuta hayo ya ziwa Albert yana nta nyingi. Yalipokuwa chini ya udongo yalikuwa na joto, nayo yalikuwa maji maji. Yakitoka na kupoa huganda kama samli ya asubuhi. Kwa hiyo bomba lote limefungwa mavazi ya kuzuia baridi na kuwekewa mitambo ya kulitia moto njiani, ili mafuta yakae juu ya nyuzi 50, kutoka Hoima, kupita Iramba, hadi kwenye matangi ya Chongoleani kando ya bahari.